Kamera ya safari na kanda isiyocheza nyumbani

Mwezi wa Juni mwaka wa 1989 Sony ilitoa kamera ndogo ya video huko Japani, jina lake CCD-TR55. Ilikuwa na uzito wa gramu 790. Katika matangazo yake kampuni iliilinganisha na pasipoti kwa ukubwa, na ulinganisho huo ulikuwa na sababu. Baada ya makubaliano ya Plaza ya mwaka 1985 sarafu ya yen ilipanda thamani, na Wajapani wakaona nauli za kwenda nje zimekuwa nafuu. Mwaka wa 1987 serikali yao ikajiwekea lengo la watu milioni 10 kusafiri nje kwa mwaka, na lengo hilo likatimia 1990. Sony iliziona familia hizo kwenye foleni ya uwanja wa ndege, ikazitengenezea kamera inayokaa karibu na pasipoti.

Ndugu msomaji, leo nataka tuipitie historia ya kamera za safari, kwa sababu ina somo ambalo bado hatujalishika. Mtu anayenunua kamera ya kubeba ng'ambo huuliza maswali matatu: ina uzito gani, picha yake ni safi kiasi gani, na bei ni ngapi? Swali la nne haliulizwi dukani: tukirudi nyumbani tutaitazamia wapi? Hilo la nne ndilo limeamua ni familia zipi zina kumbukumbu leo, na zipi zina sanduku la plastiki tu.

Enzi ya filamu

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1888 George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa tayari na filamu ya picha 100 ndani yake. Ukimaliza, unaituma kamera nzima kwa posta hadi Rochester, New York, pamoja na dola 10. Kiwanda kinasafisha picha, kinaweka filamu mpya na kukurudishia kamera yako. Eastman alikuwa ameuza kamera pamoja na njia ya picha kurudi nyumbani. Mwaka wa 1900 ikaja Brownie ya dola moja, na watu wa kawaida wakaanza kusafiri na kamera.

Kwa picha zinazotembea, Kodak ilileta filamu ya milimita 16 kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1923, kisha milimita 8 mwaka 1932, kisha Super 8 mwaka 1965. Kaseti moja ya Super 8 ilikuwa na filamu ya mita 15. Kwa mwendo wa fremu 18 kwa sekunde, iliisha baada ya dakika 3 na sekunde 20 hivi. Fanya hesabu: baba aliyekwenda safari ya wiki mbili na kaseti tano alikuwa na chini ya dakika 17 za kupiga. Ilibidi achague kwa makini. Tena hakukuwa na sauti hadi 1973.

Lakini shika jambo hili moja, tutalirudia. Ukiichukua filamu hiyo leo na kuielekeza dirishani, utawaona watu. Haihitaji umeme wala programu kukuambia ina nini ndani.

Kanda za video

Betamax ilitoka 1975, VHS ikafuata 1976. Kamera za nyumbani za mwanzo zilikuwa vipande viwili: kamera machoni na kinasa begani, katikati waya. Hebu fikiria kupanda ngazi za ndege na mzigo huo pamoja na mtoto mgongoni. Mwaka wa 1983 Sony iliunganisha vipande hivyo viwili katika Betamovie, kamkoda ya kwanza ya nyumbani. Ilikuwa na kasoro ya ajabu: iliweza kurekodi lakini haikuweza kucheza ulichorekodi. Ungejua kama umepata kitu ukifika nyumbani kwenye deki.

Mwaka wa 1984 JVC ikajibu na GR-C1, iliyotumia kaseti ndogo ya VHS-C. (Walioiona filamu ya Back to the Future ya mwaka 1985 wameiona kamera hiyo.) Kaseti yake ilibeba nusu saa hivi, lakini uliitia ndani ya ganda la VHS na kuicheza kwenye deki yoyote ya kawaida. Mwaka uliofuata Sony ikaja na Video8: kaseti ndogo, muda mrefu zaidi, kamera nyepesi zaidi. Tatizo ni kwamba deki ya sebuleni haikuijua kaseti hiyo kabisa. Mchezaji wa kanda alikuwa kamera yenyewe, uliyoiunganisha na runinga kwa waya.

Kwa msafiri, Video8 ilikuwa bora kwa kila kipimo cha dukani, na ile TR55 ya pasipoti ilitumia kanda hiyo. Ila mnunuzi alikuwa amefunga ndoa bila kujua: kamera ikifa, kanda nazo zinakuwa bubu.

Mistari 525 na mistari 625

Sasa tufike kwetu. Miaka ya 1990 familia nyingi za Kenya zilipokea kanda kutoka kwa jamaa walioko Marekani: mahafali, harusi, mtoto wa kwanza. Jirani wakaalikwa, chai ikapikwa, kanda ikaingizwa kwenye deki. Picha ikapanda na kushuka kama pazia, au ikatokea bila rangi, au isitokee kabisa. Watu wakasema kanda ni mbovu. Kanda ilikuwa nzima.

Chanzo ni mfumo wa runinga. Marekani na Japani zilitumia NTSC: mistari 525, fremu 30 hivi kwa sekunde. Kenya, kama Uingereza na nchi za Ghuba, ilitumia PAL: mistari 625, fremu 25. Ufaransa na Zaire ya wakati huo zilikuwa na SECAM, yenye mistari 625 lakini rangi zake zikipangwa kwa namna nyingine. Ganda la kaseti lilikuwa lilelile kila mahali, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kwa macho huwezi kutofautisha kanda ya VHS ya Chicago na ya Nairobi iliyokwisha kurekodiwa. Tofauti iko kwenye mawimbi ya umeme yaliyoandikwa juu yake.

Kwa hiyo kamkoda ya bei rahisi iliyonunuliwa New York wakati wa safari haikuwa rahisi hata kidogo. Ilibidi utafute deki na runinga ya mifumo mingi, au ulipe studio ikugeuzie. Aliyenunua London au Dubai mashine ya soko la huko alipona. Umeme nao ulikuwa na yake: Japani volti 100, Marekani 120, Kenya 240. Chaja ya volti 120 pekee ikichomekwa kwenye soketi yetu, utasikia harufu kabla hujaona taa.

Na tukitaja chaja: betri ya lithiamu iliyomo katika simu yako iliingia sokoni 1991 kupitia Sony, na mojawapo ya vifaa vya kwanza kuitumia ilikuwa kamkoda, CCD-TR1. Watu walitaka kutembea siku nzima bila kubeba mfuko wa betri.

Dijitali haikumaliza ugonjwa

Mwaka wa 1995 kanda ya DV ilitoka. Sisi waandishi wa programu tuliipenda, kwa sababu sasa picha ilikuwa tarakimu: megabiti 25 za video kwa sekunde, saa moja ikila gigabaiti 13 hivi. Uliihamisha kwa waya wa FireWire hadi kwenye kompyuta, nakala ikawa sawasawa na ya asili. Apple ilipotoa iMovie mwaka 1999, mtu wa kawaida akaweza kukata na kuunganisha filamu yake ya safari sebuleni.

Mwaka huohuo wa 1995 Casio iliuza QV-10, kamera ya picha yenye kioo nyuma. Picha zake zilikuwa ndogo, pikseli 320 kwa 240, lakini mtu aliona alichopiga papo hapo. Wasafiri wakaachana na hofu ya filamu kuharibiwa na eksirei za mizigo uwanjani.

Badala yake wakapata vita vya kadi. CompactFlash 1994, SmartMedia 1995, Memory Stick 1998, SD 1999, xD 2002. Kila kampuni ilikuwa na umbo lake, na aliyesahau kadi nyumbani alitegemea bahati kupata ya aina yake huko alikokwenda. Zikaja kamkoda za DVD ndogo kuanzia mwaka 2000. Nazo zilikuwa na mtego: usipoifunga diski kwa kamera hiyo kwanza, mara nyingi mashine nyingine haiisomi. Mara ngapi familia imetupa diski ikidhani haina kitu?

Hata ushuru uliingia ndani ya mashine. Umoja wa Ulaya ulitoza kamkoda ushuru ambao kamera ya picha haikutozwa, na mpaka ukawekwa kwenye uwezo wa kurekodi dakika 30 mfululizo. Ndiyo maana kwa miaka mingi kamera za picha zilikata video kwenye dakika 29 na sekunde 59. Lenzi na programu vingeweza kuendelea; forodha ilisema basi.

Flip ilipotokea 2007, kamera ya mfukoni yenye USB yake yenyewe, ilielekea tumepata jibu. Cisco iliinunua kampuni yake mwaka 2009 kwa dola milioni 590 hivi, ikaifunga 2011. Simu ilikuwa imeshachukua kazi.

Tuchague vipi basi?

Kiwanda cha Funai cha Japani, cha mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, kiliacha Julai 2016. Deki zilizobaki zinazeeka, na sumaku ya kanda inafifia hata kama kanda iko kabatini. Kama mna Video8, VHS-C au MiniDV za safari yoyote, kazi ya mwaka huu ni kutafuta kamera nzima ya aina hiyo na kuzihamisha. Usizitupe kanda baadaye. Na usiweke nakala kwenye diski moja tu. Ziwe mbili, nyumba mbili.

Kwa safari ijayo, uzito na pikseli ni mambo ya kuangalia, lakini anza na swali la nne. Siku ya kununua, rekodi dakika moja, kisha ipeleke kwenye kompyuta ya zamani iliyoko nyumbani na runinga ya bibi. Simu za Apple, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, huweza kuhifadhi picha kwa HEIC, na kompyuta nyingi zilizikataa. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua JPEG na H.264. Picha zikiwa kwenye akaunti moja ya mtandaoni ambayo nywila yake anaijua baba peke yake, hiyo ni Video8 nyingine: kamera moja, mchezaji mmoja.

Filamu ya Super 8 ilikuwa na dakika tatu, lakini mjukuu anaweza kuiona kwa mwanga wa dirisha. Simu yako ina saa nyingi. Hakikisha mjukuu ataweza kuzifungua.