Kidato cha Nne cha Tanga si Kidato cha Nne cha Mombasa

Sisi watu wa Pwani, mpaka wa Lungalunga na Horohoro haujatukata udugu. Ami yuko Mombasa, shangazi yuko Tanga, na watoto huenda na kurudi. Lakini likija suala la masomo, mpaka upo. Kila matokeo yakitoka mimi huulizwa swali lile lile: "Mwanangu amemaliza kidato cha nne Tanga, aweza kuingia chuo kikuu Kenya?" Leo nieleze tofauti zenyewe, ili mzazi azijue kabla hajakata tikiti ya basi.

Zamani tulikuwa kitu kimoja. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na baraza moja la mitihani. Tanzania ikajitoa 1971, na 1973 ikaunda baraza lake, NECTA. Kenya nayo ikaunda KNEC mwaka 1980. Wazee wetu waliosoma Kenya walipita mfumo wa miaka saba ya msingi, minne ya upili, na miwili ya kidato cha tano na cha sita. Mwaka 1985 Kenya ikaleta 8-4-4 na kidato cha tano na cha sita vikaondoka. Tanzania ilibaki navyo.

Hapo ndipo penye utata. Aliyemaliza kidato cha nne Kenya amesoma miaka 12 tangu darasa la kwanza. Aliyemaliza kidato cha nne Tanzania amesoma miaka 11. Jina ni moja, ngazi ni mbili. Mkenya akipata C+ kwenye KCSE ametimiza kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu. Mtanzania wa kidato cha nne bado ana miaka miwili mbele yake, au aende vyuo vya ufundi na vya kati. Kwa hivyo jibu la swali lile ni hapana, cheti hicho peke yake hakimfikishi.

Katika miaka hiyo miwili Mtanzania hushika masomo makuu matatu tu, yanayoitwa tahasusi. PCB ni Fizikia, Kemia na Bayolojia. HKL ni Historia, Kiswahili na lugha ya Kiingereza. Mkenya wa 8-4-4 hubeba masomo saba au manane mpaka mwisho. Mmoja huchimba kisima kirefu, mwengine hulima shamba pana. Mimi sisemi yupi bora.

Alama nazo husomwa kinyume. Kenya, A ni pointi 12 na E ni pointi 1, kwa hivyo masomo saba yakijaa ni 84. Tanzania, A ni pointi 1 na F ni 5. Mwenye pointi 7 kwa masomo saba ndiye bingwa, na daraja la kwanza ni kuanzia 7 hadi 17. Pointi 7 hizo kwa hesabu ya Kenya ni E tupu! Msimkaripie mtoto wa watu kabla hamjajua cheti kimetoka wapi.

Maisha ya skuli pia si sawa. Kenya ina mihula mitatu, Tanzania miwili. Mtoto wa skuli ya serikali Tanzania husoma msingi kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari masomo hugeuka Kiingereza, na wengi huteseka kidato cha kwanza. Wetu hukianza Kiingereza mapema, ila Kiswahili chao huwatoa jasho. Hata mtihani wa dini yetu, kule hufanywa kwa Kiswahili, huku kwa Kiingereza. Ada, Tanzania iliifuta hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Wazazi wengi wa huku huvutiwa na hilo, lakini sare, chakula na bweni haviji bure.

Sasa mambo yanabadilika pande zote. Kenya imeingia 2-6-3-3-3, kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeanza Januari 2026, na KCSE ya mwisho ni 2027. Tanzania nayo mwaka 2025 ilizindua sera inayoifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita na elimu ya lazima kuwa miaka kumi.

Ushauri wangu ni huu. Ukitaka kumhamisha mtoto, mhamishe mlangoni, usimhamishe ukumbini. Mlango ni mwisho wa ngazi, akiwa na cheti mkononi. Ukimtoa katikati ya kidato cha tatu, silabasi zitampiga chenga na huenda akarudishwa nyuma mwaka mzima. Pili, kabla ya kulipa chochote, ulizia ulinganisho wa cheti. Kwa vyeti vya skuli huku ni KNEC, kule ni NECTA. Uliza kwa maandishi, na jibu ulitunze.

Udugu wetu hauhitaji cheti. Lakini mtoto anayepoteza miaka miwili kwa sababu wakubwa hawakuuliza, miaka hiyo hakuna wa kumrudishia. Wabillahi tawfiq.