Goti la Akhwari na malaria ya Bayi

Hadithi ya John Stephen Akhwari haihitaji utangulizi kwa Mtanzania. Hata huku Buganguzi, wilayani Muleba, mtoto anayejiandaa kwa mbio za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, huenda ameshaisikia. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye Olimpiki jijini Mexico, Akhwari alimaliza marathoni wa mwisho kati ya 57 waliofika, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Tunalisifu jibu, tunapiga makofi, na hadithi inaishia hapo. Mimi nataka kulifuata goti.

Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na misuli ya Akhwari ilianza kukaza mapema. Kwenye kilomita ya 19 hivi, wakimbiaji wakigombea nafasi, akagongana nao na kuanguka chini. Goti likateguka na kuchubuka, bega nalo likapiga lami. Akafungwa bandeji akaendelea, mara akichechemea, mara akitembea. Alipoingia uwanjani giza lilishatanda, na Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa bingwa kwa zaidi ya saa nzima.

Siku hiyohiyo, katika mbio hizohizo, Abebe Bikila alijitoa baada ya kilomita 17 hivi. Alikuwa na ufa kwenye mfupa wa mguu tangu kabla ya kuanza. Miaka minne nyuma, mjini Tokyo, alishinda akiwa na wiki chache tu tangu apasuliwe kidole tumbo, na dunia ikaona kwamba mwili wake hauna kikomo. Kumbe unacho.

Na bado siku haijaisha. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa na maradhi ya kibofu cha nyongo. Wiki moja kabla, maumivu yalimwangusha nje ya njia kwenye mita 10,000. Madaktari walimshauri apumzike. Tarehe 20 basi lake likakwama kwenye foleni, akashuka, akakimbia hadi uwanjani, kisha akachukua dhahabu ya mita 1,500 mbele ya Jim Ryun. Waafrika Mashariki watatu, siku moja, miili mitatu iliyoumia. Dhahabu ya Keino inatufanya tuusahau ushauri wa madaktari, na hilo ndilo linalonitia hofu, kwa kuwa kijana anayeisikia hadithi hii hujifunza kwamba shujaa hasikilizi maumivu.

Nikifuata njia hii mpaka nyumbani, nakutana na ugonjwa ambao Muleba tunaujua vizuri mno. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3:32.16, akiongoza tangu mwanzo. Mwaka 1976 dunia ilimsubiri kwenye Olimpiki ya Montreal apambane na John Walker wa New Zealand. Tanzania ikasusia michezo hiyo pamoja na nchi nyingine za Afrika, na historia ikaandika susio. Ila muda mfupi kabla ya michezo Bayi alikuwa ameugua malaria. Hata kama ndege ingeondoka Dar es Salaam, sijui ni Bayi yupi angeshuka Montreal. Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Homa inaweza kushuka kwa siku chache, lakini damu huchukua wiki kadhaa kujijenga upya. Mkimbiaji wa mita 1,500 huishi kwa oksijeni hiyo.

Muleba imebeba mzigo huu miaka mingi, ukiwemo mlipuko mkubwa wa mwaka 2006. Na ni hapa, kuanzia mwaka 2014, vijiji vyetu vilipojaribu vyandarua vyenye PBO, kemikali inayovunja usugu wa mbu kwa dawa. Matokeo yake yalichangia Shirika la Afya Duniani kuviidhinisha mwaka 2017. Mchango wa wilaya hii kwa afya ya watoto wa Afrika, wakimbiaji wakiwemo, haujasemwa vya kutosha.

Wenzetu duniani wameanza kuhesabu majeraha. Tangu mashindano ya dunia ya Osaka mwaka 2007, majeraha ya wanariadha huandikwa rasmi, na huko yalipatikana takriban 97 kwa kila wanariadha 1,000, misuli ya paja ikiongoza. Nasi tuna sababu ya kuhesabu: Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Wengi watataka kumfuata, na baadhi yao wanakimbia sasa hivi kwenye rweya, nyanda zetu za nyasi.

Kwa hiyo mwalimu wa michezo, ukimwona mtoto amechoka kuliko kawaida, usimwite mvivu. Mpeleke zahanati apimwe malaria kabla ya kumpanga kwenye mbio. Akiumia goti, mpumzishe. Na Riadha Tanzania iweke kumbukumbu za majeraha ya wanariadha wetu, kuanzia ngazi ya wilaya.