Yeshayahu Leibowitz

Yeshayahu Leibowitz (Riga, 1903 – Yerusalemu, 1994) alikuwa mwanabiokemia na mwanafalsafa wa Israeli, Myahudi aliyeshika Sabato na amri za Torati, lakini akadai dini itenganishwe na serikali. Hoja yake ilitoka ndani ya imani yenyewe: amri hutimizwa kwa ajili ya Mungu tu, na rabi anayelipwa mshahara na serikali huishia kuitumikia serikali. Ni msimamo wa kijasiri katika nchi ambayo sheria ya mwaka 1953 iliweka ndoa na talaka za Wayahudi mikononi mwa mahakama za marabi, bila kuacha nafasi ya ndoa ya kiserikali. Mwaka 1993 aliteuliwa kupewa Tuzo ya Israeli. Mzozo ukazuka, akaikataa.