Jembe, Ngoma na Nyundo

Mwaka juzi nilimsindikiza mama mkubwa kliniki, huku Geita. Presha ilikuwa juu. Daktari, kijana wa umri wangu, aliandika dawa, kisha akasema kwa upole, "Mama, jitahidi pia kufanya mazoezi, angalau nusu saa kwa siku." Mama mkubwa alitazama viganja vyake. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, tangu asubuhi hadi jua linapokaribia kuzama, na malipo yake huhesabiwa kwa kiroba. "Mwanangu," akajibu, "nikimaliza kuponda, hayo mazoezi nitayafanya kwa mikono ya nani?"

Njiani tulicheka. Baadaye nikaenda kusoma.

Kinesiolojia ni elimu ya mwendo wa mwili, na mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza hukutana mapema na tofauti iliyowekwa mwaka 1985 na Caspersen na wenzake wawili nchini Marekani. Shughuli ya mwili, walisema, ni mwendo wowote unaofanywa na misuli na kutumia nishati. Mazoezi ni sehemu tu ya shughuli hiyo: mwendo uliopangwa, unaorudiwa, kwa lengo la kujenga siha. Kwa kipimo hicho kuponda mawe ni shughuli ya mwili, si mazoezi. Daktari hakukosea kitabu.

Lakini Kiswahili kina lake la kusema hapa. Zoezi linatokana na kuzoea, na mwili wa kazi huzoea kweli. Katika karne ya 19 Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani kwa miguu, mizigo ya kilo 30 hivi kwa mtu, safari ya miezi. Hakuna aliyewapima. Ila mwaka 1986 watafiti waliwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, waliokuwa wakibeba mizigo tangu wasichana, na kukuta kwamba wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwendo wao wenyewe ulikuwa umejifunza kuokoa nguvu.

Tena, sayansi hii ya afya na mwendo ilianzia kazini, si uwanjani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti wa wafanyakazi wa usafiri wa London, wanaume wapatao 31,000. Makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa nzima walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa. Basi, mtu angesema, mpondaji wa Geita angekuwa na moyo wa chuma.

Sivyo. Mwaka 2018 watafiti wa Ulaya walijumlisha tafiti nyingi na kuona kwamba wanaume wenye kazi nzito walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 18. Kwa wanawake haikuonekana hivyo, na takwimu karibu zote zilitoka nchi tajiri, kwa hiyo mama mkubwa hamo humo. Bado maelezo yao yanamgusa: mzigo mzito, mkao uleule kwa saa nyingi, presha inayokaa juu mchana kutwa, na mapumziko yasiyotosha.

Mapumziko ndiyo yaliyonirudisha Usukuma. Wazee wetu walikuwa na bugobogobo, ngoma ya majembe. Vijana walipanga mstari shambani, ngoma zikawekwa karibu, wakalima kwa mapigo, na jembe likarushwa hewani na kudakwa. Ilikuwa kazi au mchezo? Ukiipima kwa fasili ya 1985 utachanganyikiwa. Ilipangwa, ilirudiwa, watu walishindana na kujisifu, na jioni shamba la mtu lilikuwa limelimwa. Ushindani huo ni wa asili: vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinapambana tangu karne ya 19, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hadi leo hukutana Bujora, karibu na Mwanza, kwenye sikukuu ya Bulabo, na bugobogobo huchezwa jukwaani.

Sitaki kuipamba. Jembe la mkono linaumiza mgongo, ngoma ipigwe isipigwe, na shamba lililolimwa halikuwa la wote. Mgodi mkubwa wa kikoloni wa Geita, uliofungwa mwaka 1966, nao haukupata vibarua kwa sababu watu walichoka kucheza. Walitafuta fedha, kama mama mkubwa.

Nilimuuliza kama aliwahi kulima kwa ngoma. Aliwahi, akiwa msichana, upande wa Shinyanga. "Mpigaji alikuwa anatutazama," akasema. "Akiona tumelegea, anapunguza. Tukipata nguvu, anaongeza."

"Na huku?"

Alielekeza kidevu kwenye karasha, inayosaga mawe wanayoyaponda. Ilikuwa inanguruma tangu alfajiri. Akafunga kitambaa kidoleni, akavuta jiwe jingine.