Kuonja Shiraz: Mvinyo Mzito na Umri Wake

Shiraz ni zabibu nyeusi inayotoa mvinyo mwekundu mzito: rangi iliyokolea, kilevi cha asilimia 14 hadi 15 mara nyingi, na ukakasi unaoshika ulimi na ufizi. Ufaransa, ilikozaliwa, huitwa Syrah. Jina la Shiraz limeshika zaidi Australia na Afrika Kusini. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba ilitoka mji wa Shiraz, Iran. Vipimo vya vinasaba vya mwishoni mwa miaka ya 1990 vilimaliza ubishi: wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa.

Vipandikizi vyake vilipelekwa Australia na James Busby katika miaka ya 1830. Katika Bonde la Barossa, kaskazini-mashariki mwa Adelaide, walowezi wa Kijerumani kutoka Silesia walianza kulima miaka ya 1840, na shamba la Langmeil lililopandwa mwaka 1843 linazaa hadi leo. Filoksera, kidudu kilichofyeka mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19, hakikufika Australia Kusini, kwa hiyo mizabibu hiyo ilinusurika. Mizabibu mikongwe kama hiyo hutoa vichala vichache vyenye maji mazito, na mvinyo wake ndio hasa unaofaa kuwekwa miaka mingi.

Mwonjaji huanza na macho. Huinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe na kutazama ukingo wa mvinyo, pale unapokuwa mwembamba. Shiraz changa ni zambarau hadi ukingoni. Baada ya miaka kumi hivi ukingo huelekea rangi ya tofali, na kadiri miaka inavyozidi, kahawia huingia hadi katikati.

Kisha pua. Mvinyo mchanga hunukia plamu, matunda meusi ya porini na pilipili manga. Harufu hiyo ya pilipili hutokana na rotundoni, kampaundi ambayo watafiti wa Australia waliitangaza mwaka 2008. Ni ileile iliyomo katika pilipili manga ya jikoni, na takriban mtu mmoja kati ya watano haisikii kabisa. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kunusa glasi moja na kila mmoja akaapa kuwa mwenzake anakosea. Mapipa mapya ya mwaloni wa Marekani huongeza vanila na nazi. Miaka ikipita, tunda bichi hugeuka tini kavu, na nyuma yake hujitokeza ngozi, tumbaku na udongo uliolowa mvua.

Mdomoni ndipo umri unapojidhihirisha zaidi. Ukakasi huletwa na tanini za maganda, mbegu na mapipa. Ndani ya chupa tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na chembe za rangi. Baadhi huwa nzito mno na kuzama, zikawa mashapo. Mvinyo uliokuwa ukikausha mdomo hulainika, na rangi yake hufifia. Kwa hiyo chupa ya zamani husimamishwa wima siku nzima kabla ya kufunguliwa, kisha humiminwa polepole kwenye jagi huku taa ikimulika shingo yake. Mashapo yakikaribia shingo, mmiminaji huacha.

Hatari ya kuhukumu mvinyo mchanga kwa vigezo vya mvinyo mzee ilionekana wazi katika kampuni ya mvinyo ya Penfolds, Australia. Mtengenezaji wake mkuu wa mvinyo, Max Schubert, alizuru Bordeaux mwaka 1950, akarudi na nia ya kutengeneza mvinyo wa Australia wenye kudumu kwa miongo. Mvinyo huo wa Shiraz uliitwa Grange, na Grange ya kwanza, ya majaribio, ilitengenezwa mwaka 1951. Wakubwa wa kampuni na wataalamu walioionja ikiwa bado changa waliiponda, na mwaka 1957 Schubert akaamriwa kuacha. Hakuacha. Aliendelea kwa siri hadi 1959, bila fedha za mapipa mapya. Wakati huo chupa za mwanzo zilikuwa zikikomaa ghalani. Zilipoonjwa tena, wakubwa walewale wakaagiza kazi irudi rasmi mwaka 1960. Chupa ya 1951 imewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000 za Australia.

Si kila Shiraz inastahili kungojewa. Nyingi hutengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, na zikiwekwa zaidi tunda hupotea kabla ukakasi haujalainika. Zilizo na tunda la kutosha, tanini na asidi huhitaji chupa kulazwa gizani, penye joto la takriban nyuzi 13 lisilopandapanda. Hata hivyo kizibo huchoka. Tangu 1991 Penfolds huendesha kliniki ambako wenye chupa za umri wa miaka 15 na zaidi huzipeleka zikafunguliwe: mtaalamu huonja kidogo, hujazia pengo kwa mvinyo mpya, kisha huziba upya. Iliyo salama hupewa cheti. Iliyoharibika hurudishwa kwa mwenyewe bila cheti.