Tulianza kutembea kabla ya mbio za hisani

Leo naomba nianze na bibi yangu, mkazi wa Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi. Ukimuuliza kama amekunywa chai, hajui. Mwaka jana alitoka kununua nazi akapotea, tukamkuta Gerezani jua linazama. Lakini mguse habari za 1967, utamuona anakaa vizuri kwenye mkeka, anakusimulia vijana waliokuwa wakiingia mjini kwa miguu kupitia Jangwani, wamejaa vumbi, wanaimba.

Na hapo bibi hakosei. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na miezi iliyofuata vijana wa mikoa mbalimbali walitembea masafa marefu kuliunga mkono. Seti Benjamin alitoka Arusha kuja Dar es Salaam, akafia njiani. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200.

Nayasema haya kwa sababu tunadhani kukimbia kwa ajili ya jambo fulani ni fasheni tuliyoletewa pamoja na fulana na medali. Ni kweli, mbio za hisani za leo zinamdai shukrani Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani. Mwaka 1980 alikimbia siku 143 kwa mguu wa bandia akichangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Lakini miaka 13 kabla yake, vijana wetu walishatumia miguu kusema neno. Tofauti ni kwamba wao hawakuchangisha fedha za matibabu. Hilo limekuja baadaye: mbio za CRDB, zilizoanza 2020, zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Jambo jema sana. Mtoto anapasuliwa, anapona, anapigwa picha akicheka. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wataalamu wanauita dimenshia, hauna picha hiyo. Dawa ya kuuponya haipo. Majirani wanasema ni uzee tu, wengine wananong'ona kwamba bibi karogwa.

Siyo uzee tu, jamani. Watafiti waliochunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010, walikadiria kuwa takriban 6 katika kila 100 wanao. Hukohuko Hai baadaye walijaribu kuwakutanisha wagonjwa katika vikundi vidogo, wakazungumza, wakacheza, wakakumbushana mambo. Iliwasaidia. Hakuna mashine pale, ni watu na muda na nauli. Hiyo ndiyo kazi ambayo fedha za mbio zinaweza kuifanya.

Kwa hiyo nimeanza mazoezi ya kilomita 21, alfajiri, kabla machinga hawajapanga meza zao. Juzi nilirudi nimelowa jasho, bibi akaniangalia miguu kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, mmetokea Arusha?"

"Ndiyo, bibi."

"Poleni. Kaa, unywe maji."

Haya wadau, nani tunakimbia naye?