Mlango wa Mto Sabaki, kituo cha ndege wasafiri

Kaskazini mwa mji wa Malindi, katika pwani ya Kenya, Mto Sabaki humwaga katika Bahari ya Hindi udongo mwekundu utokao bara. Mto huo, ambao sehemu za juu huitwa Athi na kisha Galana, una urefu wa kilomita 390 hivi. Tope lake huchafua fukwe za Malindi, lakini ndilo linalowalisha ndege, kwani ndani yake mna minyoo, kaa wadogo na konokono.

Kuanzia Agosti, vitwitwi huwasili kutoka kaskazini mwa Ulaya na Asia, wanakotagia mayai, na hukaa hadi Aprili. Hapo huingia zamu nyingine: ndege adimu mwenye mabawa marefu, anayezaliana Madagaska pekee, naye huondoka Septemba. Heroe, membe na shakwe huonekana pia.

Wakati mzuri wa kutazama ni maji yanapojaa, kwani ndege husogea karibu na ufuo. Yanapokupwa, hutawanyika mbali. Mtazamaji hana budi kujihadhari na viboko, wala asiwashtue ndege. Kila wanaporuka hutumia mafuta waliyojiwekea kwa safari.

Shirika la BirdLife International limeliorodhesha eneo hilo miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege duniani. Hata hivyo, kuorodheshwa peke yake si ulinzi wa kisheria. Usalama wa ndege hao wategemea wakazi wa mlangoni pamoja na wakulima wa juu ya mto.